Vipovu Ndani ya Kartriji Yako

Niaje Prof wa Mabomba,

Nimekasirika. Nakuambia mapema ndio usidhani nimekuja na maua. Tangu tukuzike ni miezi nne, na hiyo miezi yote nimekuwa nikigombana na wewe, na wewe hunijibu, na hiyo ndiyo inanichoma zaidi.

Chipu mbili zimekufa. Ndio, zile za kusoma DNA, zile yule mtafiti alituachia tatu na kamashine kake akirudi kwao. Ulisema, "Wewe Haraka, hizi utunze kama macho." Sasa nimebaki na jicho moja. Ni vipovu, Prof. Kipovu kimoja cha hewa kikipita juu ya yale matundu madogo madogo yenye yanasoma, yanapasuka, kwisha. Unaangalia skrini, sifuri. Unazima, unawasha, sifuri. Nilirusha kiti. Kiti yako, ile ya mguu mbovu. Sasa miguu mbovu ni miwili.

Na unajua nililaumu nini? Kartriji yako. Hii sandwichi ya plastiki tulikuwa tunakatiwa na fundi wa mabango hapo Nyeri mjini, yule alikuwa anatucheka, "Leo tena mnataka firimbi ya panya?" Njia ya maji ndani yake nyembamba kama uzi, na wewe uliichora imenyooka tu, kutoka kwa tundu la kuingiza mpaka kwa chipu. Nikasema hapo ndipo shida iko. Nikaweka kona na kachumba ka kushika hewa. Nimekata mara kumi na moja. Nilikuwa nasikia sauti yako, "Maji haipendi kona," nakujibu kwa nguvu, mpaka jirani akagonga mabati aulize niko na nani.

Halafu siku moja jua likatoka, unajua vile jua ya huku ikitoka watu wanaanika hadi magodoro. Nikajaribu yangu na chipu iliyokufa. Hakuna povu. Hata moja! Nikapiga nduru. Jioni hiyo hiyo nikaandikia wale watu wa chuo wenye wanatafuta mtu wa kupewa chumba cha kazi na vifaa. Nikawaambia nimemaliza shida ya vipovu kwa kona yangu. Na kwa mchoro nikatoa jina yako.

Eeh. Niliitoa. Ati kwa sababu design yako iliua chipu.

Baridi ikarudi, ukungu mpaka saa sita, na kartriji yangu nayo ikaanza kutapika vipovu kama sabuni.

Nikaenda Mweiga kwa Mama Lulu wako kuchukua viazi za kupima. Viazi zake zilinyauka tena, na ile mbegu ako nayo hajui kama ni safi ama iko na ule ugonjwa wa kunyausha. Anangoja tusome DNA yake ndio apande ama atupe. Nilikaa hapo jikoni nikimlalamikia, nikasema hata mbele ya Lulu kwamba bomba ya babake ilikuwa mbovu. Mama Lulu akaacha kumenya.

"Na ile chupa ya maji yenu unaiwekanga wapi?"

"Kwa meza. Kwani?"

"Baba Lulu alikuwa anakunywa chai na hiyo chupa kwa kwapa. Nikamuuliza, wee, unaatamia mayai? Akasema maji ikiingia ikiwa baridi inaharibu."

Prof. Miaka miwili nimekuona na hiyo chupa kwa kwapa! Unaitoa, unalegeza kifuniko, unaigongagonga na kidole, halafu ndio unajaza chipu. Mimi nilidhani unasikia baridi. Wewe ulidhani naona.

Nilirudi nikajaribu na zile chipu zilizokufa. Nikapasha maji moto kidogo, nikalegeza, nikagonga. Kartriji yako: safi. Nikarudia mpaka kidole ikauma: safi. Yangu pia, safi. Kumbe haikuwa kona. Maji ikikaa baridi kwa hii nyumba yetu ya mabati inajaza hewa, halafu ikiingia kwa chipu yenye moto, hewa yote inatoka. Hiyo tu. Siku ya jua ilinidanganya, nami nikadanganya watu. Ungeniambia, kwa nini hukuniambia, si ungesema tu… Lakini ungeniambia saa gani? Nilikuwa naongea mimi tu.

Sasa sikiza. Alhamisi wale watu wanakuja. Tutasoma viazi za Mama Lulu mbele yao, na chipu ni hii moja, matundu yenye yanafanya kazi yamebaki machache, haiwezi rudiwa. Kachumba kangu kanakunywa maji mingi, na ile sampuli nimetoa kwa viazi ni kidogo sana, inaweza ishia njiani kabla ifike kwa chipu. Yako haipotezi hata tone. Mama Lulu akikosa jibu atapanda tu, mvua haingoji. Lakini wao wanakuja kuona kona. Nikiwawekea bomba iliyonyooka, lazima nisimame niseme nilikosea, design si yangu, na wanaweza panda gari warudi.

Jina yako nimeirudisha kwa mchoro, mwanzo, kwa kalamu. Hiyo hata wakinikataa haitoki tena, nakuahidi. Na Mama Lulu nitamwambia mwenyewe, Lulu akisikia, kwamba bomba ya babake ilikuwa sawa. Lala salama, mwalimu wangu. Nimekumiss hadi nakutukana.

Mimi mdomo ni mwepesi lakini hiyo sentensi ya Alhamisi, ile ya nilikosea, kila nikiijaribu naikata katikati. Ungekuwa ni wewe umesimama mbele yao, na kartriji mbili kwa meza na chipu ni moja, ungefanya nini?

Haraka