Kwenu Nani Anapika?

Baba,

Ungekuwepo ungenicheka. Yule binti yako uliyemwambia kompyuta zitamharibia macho sasa analipwa kukaa chumba kimoja na watu wa mahakama, polisi, gereza na probesheni, wale wa vifungo vya nje, wakubaliane namna ya kupashana habari. Ulipokuwa karani wa mahakama, amri ya kumwachilia mtu ilisafiri ndani ya bahasha, bahasha ikamsubiri dereva, dereva akasubiri mafuta. Siku hizi hakimu akishaidhinisha tu, gereza limejua.

Najua ungeuliza: kwani faili zote zimetiwa kabati moja? Hapana, na hapo ndipo penye utamu. Kila ofisi imebaki na mfumo wake. Ni kama majirani kule kwetu Mbololo: ukiishiwa chumvi huingii jikoni kwa mtu ukafunua masufuria, unabisha mlangoni, unaomba, unapewa. Sisi tumekubaliana milango ni ipi, na maneno ya kuombea yawe yale yale kwa wote. Gereza linauliza kama kuna amri juu ya mtu fulani, mahakama inajibu. Polisi wanauliza masharti ya dhamana, wanajibiwa. Tumebishana sana juu ya maneno hayo, Baba, na nimefurahia kila siku ya ubishi.

Kisha ikaja siku ya Mwadime, mtu wa kwetu Mbololo. Aligombana na kakake juu ya mpaka wa shamba, akashtakiwa kumpiga, akawekwa rumande. Hakimu alimpa dhamana kwa sharti moja: asikanyage Mbololo, akae kwa dada yake Ronge mpaka kesi iishe. Amri ilifika gerezani hakimu hajainuka kitini. Tulipiga makofi. Mwadime akatoka siku ile ile, hana simu, hana nauli, na dada yake amejipanga kuja kesho yake, kama watu walivyozoea amri kuchelewa. Akasimama barabarani hapa Voi, akaangalia huku na huku, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Angeenda wapi tena? Na polisi walikuwa na lile sharti kwenye skrini yao, sisi ndio tuliowapa. Wangemkuta Mbololo, angerudi ndani.

Aliyemwokoa ni Mama Mghoi, jirani yetu, aliyekuwa akitoka sokoni. Akanipigia: "Wakesho, si wewe uko na hao watu wa korti? Mwadime anapandisha huku!" Nikamwomba amzuie, nami nikamtafuta dada yake kwa simu. Akamwingiza hotelini, akamwagizia chai na chapati, asimruhusu kuinuka mpaka dada yake alipofika kutoka Ronge. Alikunywa chai nyingi siku hiyo, maskini.

Hapo ndipo nilipokukumbuka na simu yako kila jioni kwa jamaa za wafungwa, Mama akilalamika sima inapoa. "Mama, kijana wenu anatoka kesho. Njooni na viatu." Mimi nilidhani unapiga umbea! Tulikuwa tumechora ukutani kazi za ofisi zote, hatua kwa hatua, na simu yako haikuwemo, kwa sababu haikuwa kazi ya ofisi yoyote.

Nikataka kujua namba ulizitoa wapi. Kwa chifu? Kwa mchungaji? Nimewasumbua wenzako wa zamani mpaka mmoja akacheka, akaniambia kila aliyeletwa mahakamani ulimuuliza kwenye korido, "Kwenu nani anapika?" Nimelizungusha swali hilo kichwani wiki nzima. Mbona hukuuliza baba ni nani, au mwenye boma ni nani? Nafikiri nimekupata. Anayepika ndiye anayejua nani hajarudi. Nimekosea? Natamani sana ungenijibu hili moja tu.

Nikapendekeza mlango mmoja zaidi: mtu akiachiliwa, habari iende pia kwa wa nyumbani aliyemtaja mwenyewe, kama anataka kumtaja mtu. Wakaniuliza, "Hiyo ni kazi ya ofisi gani?" Nilikaribia kusema ya baba yangu. Ndipo mama mmoja wa probesheni akasema, "Leteni kwetu." Ningemkumbatia pale pale.

Juzi tulifanya majaribio. Ilitakiwa jina la mtu ambaye hayuko rumande wala gerezani, nikaandika lako. Wa kuarifiwa, nikajiandika mimi. Nikabonyeza, nikageuka kuzungumza na wenzangu, simu ikatetema mezani: "Mwakio ameachiliwa. Tafadhali njoo umpokee."

Nilisimama, Baba. Nilichukua mkoba. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango ndipo nilipokumbuka. Wenzangu walidhani nakwenda msalani, basi nikaenda huko, nikalia mpaka nikatosheka. Niliporudi niliwaambia mlango unafanya kazi vizuri.

Nakuaga sasa. Nakuahidi nitausimamia mlango huo, na pale utakapokwama nitainua simu mwenyewe, sima ipoe ikitaka kupoa. Nawe huko uliko uwaombe wenye mlango wa huko jambo moja kwa ajili yangu. Siku nitakapoitwa, wakuambie mapema, uje unipokee.

Binti yako,
Wakesho