Muhuri Uliochelewa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Ipogolo hatujambo. Bibi yako amepona mguu, ameanza kwenda shamba.

Unalalamika kwamba umeshaapishwa kuwa wakili na bado wanakurudisha darasani. Mimi pia nilinuna, miaka ya hamsini, nilipokuwa karani mpya wa baraza la chifu kule Mbeya na kuitwa kozi.

Siku ya pili mwalimu akauliza, "Katika kesi ya shamba mnafuata mila ya nani?"

Nikakumbuka kesi moja niliyoiacha mezani. Nilikuwa nimeandika hukumu ya kumtoa mjane shambani kwa desturi za kwetu Iringa, bila kuwauliza wazee wa Kisafwa, wenyeji wa kule.

Nilirudi barazani mbio. Kumbe chifu alikuwa anaumwa, muhuri haujagongwa! Nikaichana ile karatasi.

Nikirudi kozini nilimkuta yule mjane analima shamba lake. Akanisalimu vizuri, hajui lolote.

Nenda kasome, mama.

Babu yako