Kipande Kilichorukwa

4 Machi

Mwanangu Sindano,

Salamu nyingi kutoka karakanani. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa fundi makochi ukinyamaza ujue fundi hana kazi. Mama yako mdogo hajambo, anakusalimu. Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula, Baba" wakati picha uliyotuma inasema mengine. Shingo imekuwa ya twiga.

Wiki hii nimemaliza kochi la mwalimu mkuu, na misumari yote nimeipiga nikimsikiliza Ndevu. Tangu uondoke, mimi na konseto zetu tatu, zile santuri za fidla tulizozibatiza majina, tumekuwa wapweke. Asiyesubiri bado anaingia na fidla yake kabla okestra haijakaa sawa, Baridi bado ananifanya nitafute sweta, na Ndevu, yule mzee wa kwenye picha ya jalada, ni Ndevu. Hakuna wa kubishana naye kama fidla analia au anagombana. Mimi nasema anagombana. Watu wote wale nyuma yake na yeye peke yake mbele, nani asingegombana?

Ndevu anaruka palepale, pale ulipomchoma na sindano yangu ya makochi ukiwa na miaka sita, ati unamshonea shati. Usijali. Akifika penye kovu, kile kipande anachokiruka nakiimba mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama zamani. Bahati nzuri nilikuwa nimeshakijua kabla hujakitoboa.

Haya, soma. Mtihani ni Novemba, fidla zitakusubiri.

Baba yako

29 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima na ninakula, shingo ni ya kurithi, jiangalie kwenye kioo.

Baba, nimepata mshtuko ambao sijapata tangu nizaliwe. Maktaba ya mji huu ina chumba cha muziki. Unataja unachotaka, wanakuvalisha spika ndogo masikioni, unakaa. Nikamwomba Asiyesubiri. Ilipoanza tu nikapiga kelele, "Mama yangu!" Watu wote wakageuka, mtunza maktaba akaja mbio akidhani nimeumwa na kitu. Baba, anapumua! Yule mpiga fidla, kabla hajagusa waya, unamsikia anavuta pumzi, hivi, karibu na sikio lako. Miaka yote gramafoni yetu ilikuwa inatuficha kwamba pale kuna mtu!

Nimekurekodia, kanda iko humu kwenye bahasha. Isikilize Mama mdogo akiwa sokoni. Akiwepo si unajua, ataanza kugonga ukuta na ile pasi yake ya nguo za hoteli, gwa, gwa, gwa. Sijui yule mama masikio aliyapata kwa kazi gani. Nilikuwa nafurahi sana ulivyokuwa unamkomesha kwa kuianzisha santuri upya! Barua hii usimsomee.

Mwanao,
Sindano

20 Mei

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Tunashukuru u mzima. Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Nilikuwa nashusha kochi, nikateleza, mkono wa kulia umefungwa plasta. Mimi nasema na mama yako mdogo anaandika. Si jambo la kukufanya ufunge sanduku. Nauli yako ni ya kurudi na cheti.

Kanda imefika. Ni kweli, anapumua. Nimeirudisha nyuma mara nyingi nimsikie tena. Mtu akivuta pumzi vile kabla ya kazi ujue anaogopa, na anaingia hivyohivyo na woga wake. Na wewe ukiingia kwenye mtihani usingoje woga uishe.

Huku mvua ni nyingi. Karakana nimeifunga kwa sasa, sababu ya mkono.

Ule vizuri.

Baba yako

2 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, na pole sana. Nilikwambia kochi la watu watatu linabebwa na watu wawili, hukunisikia. Plasta wanaitoa lini? Na mbona barua fupi hivyo? Mwambie mwandishi wako hatozwi kwa neno.

Lakini maneno uliyosema kuhusu woga nimeyaandika kwa kalamu nene na kuyabandika juu ya kitanda changu. Mwenzangu wa chumba, anayesomea ufamasia kama mimi, ameyanakili ampelekee kaka yake. Hukuwahi kuniambia jambo kama hilo hata siku moja. Kumbe mkono ukivunjika mdomo unafunguka!

Sasa. Nimempata Ndevu, mzima, safi, hana hata mkwaruzo. Yumo kwenye kanda hii. Sisemi kitu zaidi. Msikilize, ukifika sehemu ya pili acha kila unachofanya, halafu uniandikie ulichosikia. Nasubiri kama mtoto anayesubiri zawadi. Na kama pasi itagonga, mvumilie, si unamhitaji aandike.

Mwanao,
Sindano

11 Agosti

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Huku tu wazima. Mkono unaendelea, daktari anasema bado.

Ndevu amefika. Sehemu ya kwanza haina neno. Sehemu ya pili ndiyo imenishangaza. Zumari inaanza vizuri, fidla amesimama anaingoja, kisha anaipokea, anapanda. Halafu pale ambapo siku zote anakatisha na kushuka ghafla, huyu hakatishi. Wameongeza kipande kizima ambacho hakimo. Ni kizuri, sitasema uongo, kilinikuta na kazi mkononi nikasimama. Lakini si chake. Watu wa siku hizi hawawezi kuacha kitu cha mzee kilivyo. Waulize hapo maktaba kama wanayo ya asili.

Soma, Novemba si mbali.

Baba yako

30 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Leo nitaacha kuuliza hali, kwa sababu nikiuliza nitadanganywa.

Barua imenikuta jikoni kwenye bweni, nimeisoma nimesimama, sufuria imeungua na sikusikia harufu. Kipande kimeongezwa? Baba yangu hawezi kusema hivyo. Kipande kile Baba anakijua kuliko jina lake. Santuri ilikuwa nzima kabla sijaichoma, na tangu siku hiyo kila ikifika penye kovu alikuwa anakiimba yeye, polepole, mimi nimekaa miguuni pake kwenye mabaki ya sponji. Hata Machi aliniandikia, kwa mkono wake, kwamba bado anakiimba.

Aliyekuja nyumbani kwetu Ndevu akiwa ameshapata kovu ni mmoja tu. Aliyekuwa anamsikia kupitia ukutani, bila kumsikia Baba anayenong'ona, ni huyohuyo. Ni wewe uliyeandika. Si mkono tu, ni maneno yote.

Yuko wapi Baba? Kama yuko kitandani hajitambui, niambie nije nimwoshe uso. Kama ni lile neno jingine, mimi siwezi kuliandika. Liandike wewe, si umezoea kuandika. Na barua zangu umezisoma zote? Zote?

Nijibu haraka.

Sindano

25 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Sikujibu haraka kwa sababu kila nikianza nilikuwa nachana. Neno ulilokataa kuliandika ndilo hilohilo. Baba yako amefariki. Ni tangu tarehe tisa Aprili. Nisamehe kwa kukuambia kwenye karatasi, lakini karatasi ndiyo niliyokudanganyia.

Baba yako mkubwa ndiye aliyeamua. Alisema mbele ya wote msibani, "Mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani, mdogo wangu amejinyima kwa ajili ya cheti kile." Nami nikaitikia. Simtupii lawama yeye peke yake. Wiki ileile ikaja bahasha yako yenye kanda. Nikajiambia nisipojibu utashtuka, na ukijibiwa na mwingine utashtuka zaidi. Basi nikaazima redio ya kaseti kwa jirani nikasikiliza, nipate cha kuandika. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Nilifika mwisho wake nikisifu na kukosoa fidla.

Ndiyo, nimezisoma zote. Pasi umeisema vizuri, ndivyo inavyolia, gwa gwa gwa. Ila sikiliza.

Mwaka nilioolewa niligonga kwa hasira, kweli. Nilikuwa na mashati ya hoteli nzima na upande wa pili paka wanakamatana. Baba yako akacheka, akaanzisha upya. Nikagonga, akaanzisha upya. Siku ya pili hivyohivyo. Hata sijui ni lini nilianza kugonga kwa sababu nilitaka aanzishe. Ukawa ndio mchezo wetu. Ikiisha nagonga, maana yake rudia. Wewe ulidhani ananikomesha, na mimi sikukusahihisha. Ulikuwa mtoto wa mama mwingine uliyempoteza, ukinitazama kama mgeni aliyekalia kiti cha mtu. Nikaona huko karakanani ni kwenu wawili, nisiingie. Ukuta ulinitosha.

Siku ile alikuwa anafunika kochi la zahanati, kitambaa cha kijani. Alimweka Ndevu. Nilipiga pasi mpaka mwisho. Ikaisha, nikagonga. Kimya. Nikasema yule mzee leo ananitania. Nikagonga tena. Nikasikia santuri inazunguka tu, kwaru, kwaru, hakuna anayeiinua sindano. Nikagonga kwa nguvu mpaka chokaa ikaanguka. Ndipo nikaiacha pasi juu ya shati na kukimbia. Alikuwa amekaa kwenye lile kochi, nyundo mapajani, amefumba macho kama anasikiliza. Shati liliungua.

Tangu hapo gramafoni sijaigusa. Na sasa umenishtua na wewe. Sikuwahi kujua kama alikuwa anaimba. Miaka yote nimesikia wimbo wenye pengo nikidhani ndivyo ulivyo, kumbe pengo lilikuwa linajazwa upande wa pili, na mume wangu, kwa sauti yake. Nimeirudia kanda yako pale tu, mara nyingi, najaribu kumsikia yeye ndani yake. Simpati.

Ukiamua kutoniandikia tena nitaelewa. Ila mtihani ufanye.

Mama yako mdogo

14 Desemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kazi za hoteli hazijakuzidi. Mimi naendelea, siku nyingine vizuri, siku nyingine najikuta nimekaa kwenye ngazi za bweni sijui naelekea wapi.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuchukia. Nakwambia wazi. Nilikuchukia wewe na Baba mkubwa, nikajichukia mimi niliyekuwa nikicheka na maiti kwa barua. Niliomba kuahirisha mtihani, wakakubali, nikarudi chumbani kufunga sanduku. Juu ya kitanda yalikuwapo yale maneno, kwamba usingoje woga uishe. Nilisimama kuyabandua. Yalikuwa ya nani? Hayakuwa ya Baba. Baba alinifundisha kusikiliza fidla, lakini hakuwahi kunifundisha kuogopa. Nikayaacha ukutani. Nikarudi kuwaambia nitaufanya. Asubuhi ya mtihani nilivuta pumzi mlangoni kwa nguvu, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Nimefaulu, Mama. Jana wamebandika majina.

Nafika Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, alasiri. Usije kunipokea kituoni, nitalia mbele za watu na wewe utalia. Acha mlango wa karakana bila komeo, kaa upande wako, washa pasi. Nitamweka Ndevu, huyo wetu mwenye kovu, si wa kwenye kanda. Akifika pale anaporuka, kile kipande nitakiimba mimi, tena si kwa kunong'ona, mpaka ukuta ukisikie.

Ikiisha, gonga.

Mwanao,
Sindano