Pombe ya kuombea msamaha

Christella, nimetoka ofisi ya ukaguzi wa kazi, Kimihurura, sasa hivi. Théoneste hapati malipo ya kuachishwa kazi. Hapati hata faranga moja!

Sheria nilimsomea mwenyewe: ukifukuzwa bila kosa unalipwa, ukifukuzwa kwa kosa kubwa hulipwi. Na kosa hakuwa nalo! Kiwanda cha mashati alikokuwa akifanya kazi kilipunguza watu tu.

Inspekta wa kazi akamuuliza patroni, mwenye kiwanda, "Huyu alikosa nini?" Yule fisi akacheka. "Muulize yeye. Alikuja kwangu Remera na dumu la pombe ya ndizi, akapiga magoti, akaomba msamaha mbele ya majirani. Na pombe yenyewe ilikuwa maji matupu."

Inspekta naye: "Mzee, kama huna kosa, uliomba msamaha wa nini?" Yakaishia hapo, msamaha ukahesabiwa kuwa kukiri kosa. Eti siku hizi tuna vyama vingi vya siasa, mnyonge ana haki!

Alipiga magoti, Christella! Baada ya mikutano yote ile ya chama tuliyompeleka kujifunza haki zake, magoti!

Nje nikamfokea mbele za watu. Akanijibu taratibu, "Lakini alikunywa. Mtu akinywa pombe yako, amekusamehe."

Halafu akaniuliza kama naweza kumchangia dumu lingine, lenye pombe kali zaidi.