Fundi wa Nyuma ya Pazia

Nakivale, Base Camp
Tarehe 9 Juni 2013

Kwa Mama mpendwa, huko Baraka,

Jambo Mama. Nakusalimu kwa jina la Bwana, kwa heshima yote ya mkwe kwa mama yake. Kifua kinaendeleaje? Chantal alituambia kwenye simu kwamba unakohoa hata ukiwa umekaa tu, na kwamba muhogo wa upande wa mto umemezwa na majani. Sisi huku tuko wazima. Grâce ana mwaka mmoja na miezi minne, anatembea akishika ukuta, na meno yake ya mbele yameachana kama ya kwako. Mvua ilikatika mapema, mahindi yametoa nywele bila punje, lakini tunakula.

Ninaandika kwa sababu simu iko moja, nayo inakaa mfukoni mwa Baba Grâce. Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisa letu anayerudi huko kuangalia shamba lake. Chantal, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, wala usiruke kitu.

Mama, nianze na kazi, maana mengine yote yametoka humo. Wewe unajua kwamba mtoto wako Léopold, Baba Grâce, ni fundi wa mobileti, pikipiki hizi ndogo. Hivyo ndivyo alivyojiandikisha siku tulipofika kambini, mwaka 2009. Kwenye mstari wote waliotutangulia walisema wao ni wakulima, naye akaona haya kuwa mkulima wa mia tatu, akasema yeye ni mekanisien. Kumbe ufundi ulikuwa wangu. Marehemu baba yangu alitengeneza mobileti pale Uvira. Hakuzaa mtoto mwanaume, basi akanifundisha mimi. Nilijua kusafisha buji kabla ya kujua hesabu ya kugawanya, na shule niliiachia hapo hapo kwenye kugawanya.

Grâce alipozaliwa tukafungua kibanda. Mbele alikaa Léopold, funguo za nati zimepangwa kwenye gunia, anapokea watu. Nyuma ya pazia nilikaa mimi, Grâce mgongoni. Léopold alisema hakuna mwanaume atakayeacha mobileti yake kwa mwanamke anayenyonyesha. Mimi nilikubali, Mama, sikulazimishwa.

Mwaka jana alikuja afande mmoja wa jeshi la Mbarara, anaitwa Wasswa, na mobileti kuukuu iliyowashinda mafundi wa Nyamitanga. Alisema hii kitu inapiga risasi kushinda bunduki yake, na mke wake amekataa kabisa kuipanda, anasema hawezi kufa kama muasi. Nilisikia mlio wake tu nikajua: cheche zinakuja kwa saa isiyo yake.

Nikatoa gurudumu la sumaku. Platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke, zilikuwa zimeungua nyeusi. Nikazisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa. Baba alipima nafasi yake kwa nyembe nne zilizobanwa pamoja, nami ndivyo nilivyopima. Nikarudisha gurudumu, maana lina dirisha la kuchungulia platini. Halafu nikatoa buji, ile inayotoa cheche, nikaingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu lake nijue pistoni iko wapi, na karatasi ya sigara nikaibana katikati ya platini. Unazungusha gurudumu taratibu huku unavuta ile karatasi kidogo tu, kama unavyomtoa mtoto titi akishasinzia. Pale inapoachia, ndipo cheche inaruka. Na lazima iachie pistoni ikiwa bado inapanda, imebakiza milimita mbili hivi. Ukingoja ifike juu kabisa umechelewa, moto unakuta kazi imeshapita. Afande alikanyaga mara moja, ikashika. Alimpiga Léopold mgongoni akamwita profesa. Mimi nyuma ya pazia nilicheka peke yangu.

Aliyejua siri hiyo ni Gad tu. Wewe unamjua mtoto wako wa mwisho, mdomo wake hauna breki. Siku moja pale soko la Rubondo alimtania kaka yake mbele ya watu, akasema huyu ni fundi wa ajabu, ufunguo anaoujua ni kijiko. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Léopold hakucheka. Wiki mbili baadaye tukaitwa Mbarara kuulizwa maswali ya safari ya kwenda kuishi ng'ambo.

Mwezi wa kumi jibu likaja. Faili imefungwa, maelezo ya kazi hayapatani. Léopold alisema kuna mtu aliyekwenda kutuchongea, na kila mmoja akakumbuka kijiko. Gad aliapa kwa kaburi la baba yake. Hakuna aliyemsikiliza, akafukuzwa. Sasa yuko Nyamityobora, huko Mbarara, anashusha ndizi kwenye malori na analala fasi wanapoziweka. Wewe Mama ulimrudishia kitenge alichokutumia. Na mwezi uliopita, ulipozidiwa, ulisema hata siku ya kuzikwa kwako Gad asishike udongo.

Mama, Gad hakusema kitu. Aliyesema ni mimi.

Walituuliza kila mtu peke yake. Tulikuwa tumepatana: yeye fundi, mimi nauza nyanya. Mama wa ofisi aliyeniuliza alikuwa mpole, alimchekea Grâce. Nikasema nyanya. Akatazama mikono yangu, akauliza ni nyanya gani hizo zinazoacha oili kwenye kucha. Ningeweza kusema nimefua nguo za bwana yangu, jibu lilikuwa mdomoni. Lakini akauliza tena, bila ukali, kama kuna kazi nyingine ninayoijua. Tangu baba yangu afe hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Nikamweleza yote, Mama. Nikachukua kalamu yake na kifuniko chake nikamwonyesha pistoni inavyopanda. Yeye aliandika tu. Nilitoka pale na furaha mingi, kama mtu aliyetoka kubatizwa. Kumbe chumba cha pili bwana yangu alikuwa anawaambia kwamba cheche inaruka pistoni ikishafika juu.

Sikusema ili niharibu. Lakini Gad aliposhtakiwa nilijua, na nilinyamaza. Nilijiambia yeye ni mwanaume, hana mtoto, atapata fasi. Mimi nikifukuzwa nitaenda wapi na Grâce? Siku anaondoka aliniuliza kule Mbarara niliulizwa nini. Nikamjibu, habari za nyanya. Alinitazama, akafunga mzigo wake. Mpaka leo hajanitaja kwa mtu. Miezi minane, Mama, anabeba kosa langu pamoja na ndizi za watu.

Léopold bado hajui. Nitamwambia siku mama huyu wa kanisa akishapanda gari, nisipate njia ya kuirudisha barua. Atapiga kelele. Akinirudisha kwetu nitakwenda na mtoto. Lakini bado natumaini, maana ninamjua, akimaliza kukasirika huwa anakaa chini na kusikiliza. Siombi unitetee kwake.

Ninaomba moja tu. Neno ulilolitamka juu ya Gad, hakuna wa kulifuta isipokuwa wewe. Lifute ungali na sauti. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Chantal, nakusalimu, na wote wa nyumbani, na majirani wanaokuletea maji. Grâce anamsalimu bibi yake. Mungu akupunguzie kikohozi, ulale usingizi mzima.

Ukimpigia, Mama, kwanza atanyamaza, maana amezoea kwamba simu ya nyumbani ni ya matusi. Usikate.

Ni mimi mkwe wako,
Pélagie, Mama Grâce