Karatasi Zenye Saini Chini

3 Machi

Dada, shikamoo.

Nimekukosea, na nimeona nianze na hilo kabla hata sijakujulia hali. Sasa nakujulia: mguu vipi, presha imeshuka? Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu.

Kosa ni hili. Polisi waliponiuliza nani alikuwa ofisini siku ile barua ya kujitoa kugombea ubunge ilipopelekwa tume ya uchaguzi kwa jina lako, nilisema Breki, dereva wako, alibaki peke yake na ufunguo wa kabati. Si kweli. Breki hajawahi kuushika ule ufunguo. Unajua mwenyewe, unakaa shingoni kwangu kama hirizi. Niliogopa, nikasema la kwanza lililokuja mdomoni, na wewe ukamfukuza mtu aliyekuendesha miaka kumi na tano, tangu ulipokuwa unapanda jukwaani na viatu vyako vya ualimu.

Naomba umrudishe, yaishe.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mguu unauma, presha usiulize. Mwambie wifi namkumbuka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Vipindi vitatu nimekaa bungeni nasikiliza mawaziri wakijibu maswali yangu, na kitu kimoja nimejifunza: waziri akikiri kosa dogo bila kuulizwa, ujue kuna kubwa amelikalia. Kwa hiyo nina swali la nyongeza.

Ile barua iliyofanya jina langu likatwe, wakili amenionyesha. Karatasi ni yangu, nembo yangu, na saini yangu kweli, si ya kuigiza. Lakini maneno ni mistari minne juu, saini iko chini kabisa. Katikati pale ungeweza kuegesha basi. Ni moja ya zile karatasi nilizokuwa natia saini zikiwa tupu kabla ya kwenda vikaoni, ili watu wakija kutaka barua za utambulisho uwaandikie, wasinisubiri mimi. Nilikuwa nakuachia wewe. Si Breki, si mfagizi.

Kama Breki hakuwa na ufunguo, nani alifungua? Tarehe 24 kesi yangu ya kupinga kukatwa jina inasikilizwa, na wakili amemwandika Breki kuwa ndiye aliyeiba karatasi. Nijibu, na usinizungushe.

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini presha imetulia, ingawa kwa barua ile sidhani.

Ufunguo sijampa mtu. Huenda kabati liliachwa wazi siku ya usafi. Huenda Mwenyekiti wa chama alituma mtu, maana jina lako lilipokatwa ni yeye aliyechukua nafasi yako. Mimi sijui. Na wewe nawe, dada, ulikuwa unatia saini kama mtu anayegawa pipi. Tusitafutane ubaya.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Mwenyekiti sikukuuliza. Umemtaja mwenyewe.

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo.

Siku nane hujaandika na simu yangu hupokei. Naomba Mungu uwe mzima. Mimi mwili hauna neno, usingizi ndio sina.

Juzi mchana Breki alikuja nyumbani, shati limepigwa pasi. Nikajua leo nakabwa. Akakaa, akanywa maji, akauliza hali ya watoto. Halafu akasema, "Bosi mdogo, kuna kampuni ya mabasi inataka dereva. Wanadai barua. Zile karatasi za Mheshimiwa, haikubaki hata moja?"

Nikamuuliza, "Mheshimiwa si kakufukuza?"

"Kanifukuza, ndiyo, lakini saini yake bado inafungua milango. Na wewe unanijua, utaniandika vizuri. Ila usiseme tu nakimbiza gari."

Akacheka. Mimi nikaingia chumbani, nikajifanya natafuta. Ilikuwepo moja. Nilikaa nayo kitandani mpaka akaita kama nimelala. Nikatoka nikamwambia zimeisha. Akanishukuru, dada. Akanishukuru kwa kumtafutia.

Sasa sikia. Mwenyekiti alikuja ofisini ukiwa vikaoni. Akaomba karatasi moja, eti binti yake anaombea chuo. Nikafungua kabati nikampa. Na nilijua. Mtu anayemwombea binti chuo hahitaji karatasi tupu. Angenitajia jina nikaandika palepale, kama nilivyowaandikia watu miaka yote. Sikumuuliza kitu kwa sababu alishaniahidi nitasimama udiwani, na wewe kila nikikugusia ulisema, "Bado, mdogo wangu, bado." Nikajiambia una mtu wako mwingine. Nilikuwa nakushuku wewe huku karatasi zako ziko kwangu. Udiwani wenyewe kampa shemeji yake.

Karatasi ya mwisho imo ndani ya bahasha hii. Juu ya saini sijaandika kitu. Ukipenda, mwandikie Breki kwa mkono wako.

Leo asubuhi nilikwenda kwake nikamwambia yote, mkewe anasikia. Mkewe alitoka nje. Breki hakunipiga, na wala hakusema amenisamehe. Aliniuliza nitafikaje mahakamani, maana mimi na kuchelewa ananijua.

Alhamisi, tarehe 23, saa tatu asubuhi, nitakuwa mbele ya karani wa mahakama. Nitakula kiapo na kusema karatasi nilimpa nani na kwa nini, na kwamba Breki nilimsingizia. Breki kaazima gari la jirani yake. Saa mbili kamili atanipitia, na atanikuta nimeshasimama barabarani.

Mdogo wako