Mlio Juu ya Sindano ya Mama

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa: Kuharibu skrini ya ukumbi wa sinema
Shahidi: Mwanamke, miaka 47, kazini huitwa Mama Mkasi. Mhariri wa filamu. Anaishi ghorofani, juu ya duka la vioo.

Mtuhumiwa ni kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja. Yeye ni mwongozaji wa filamu, mimi ndiye ninayezikata na kuziunga. Mlalamikaji ni mtayarishaji wetu, mwenye ukumbi. Sote tunamwita Bosi.

Filamu hii inamhusu mwanamke anayemsubiri mumewe atoke kifungoni. Aliyeigiza ni mama yetu mzazi. Alifariki wiki sita baada ya kumaliza kupiga picha. Kuna sehemu amekaa dirishani anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Anakosa, anarudia, mwisho anapata. Ni dakika tisa, hakuna neno linalosemwa. Kaka alikuwa akisema filamu nzima imo humo.

Mnamo tarehe 4 Machi, saa nane mchana, Bosi alikuja chumba cha uhariri. Kaka alikuwa safarini. Bosi aliitazama sehemu ile akiwa amesimama, akasema, "Mama Mkasi, dakika tisa za uzi? Watu watalala. Filamu mbili za kaka yako zimeozea kabatini kwangu. Hii nayo ikidoda, ukumbi naufunga." Sikuona kama anadanganya. Akaniagiza nipunguze, na niongeze mapigano. Nilifanya hivyo. Dakika tisa zikabaki sekunde ishirini. Kaka aliporudi nilimwambia kazi bado haijakamilika.

Mnamo tarehe 29 Machi, saa kumi jioni, filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Nilikaa kushoto kwa kaka. Mama alipotokea na sindano yake, kila alipokosa tundu ulisikika mlio wa springi inayofyatuka, ule wa vichekesho. Watu walicheka. Mama mmoja mbele yetu alicheka hadi akajifuta machozi.

Kaka aliniuliza polepole, "Nani kaweka huo mlio?"

Niliendelea kutazama skrini.

Akasema, "Bosi huyu hana hata haya. Marehemu jamani!"

Aliinuka, akapanda jukwaani, akatoa funguo za nyumba yake mfukoni, akaichana skrini kuanzia usawa wa kichwa hadi chini. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi. Hakumgusa mtu. Alikaa chini pale jukwaani hadi askari walipofika.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, Bosi alinipigia simu. Alitaka niseme kaka alikuja na kisu, amejiandaa. Nilimwambia skrini itengenezwe, yaishe kifamilia. Alijibu, "Itengenezwe ya nini? Watu wanapanga foleni kupiga picha na ule mpasuko. Kesi ikivuma wiki tatu tu, tumepona." Sikukubali. Kisu hakikuwepo.

Afande ameniuliza kama Bosi ndiye aliyeagiza mlio ule. Hapana. Bosi aliagiza nipunguze tu. Baada ya kukata niliona pamebaki papweke, nikaujaribu mlio mwenyewe. Bosi aliposikia, alicheka hadi akashika meza. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii, sijawahi kumwona mtu akicheka hivyo kwa kitu nilichokifanya mimi. Nikauacha. Nilijua ni mama. Kaka hajui mpaka leo.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, saa sita na robo mchana. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliuliza kama mtuhumiwa atayasoma. Nilimweleza kwamba atapewa nakala kabla ya kesi kusikilizwa. Aliomba maji. Kisha aliomba kalamu.